Barua kwa Rajabu: farasi na mabomba ya gesi

Jinja, Jumapili jioni

Ndugu yangu Rajabu,

Salamu nyingi kutoka huku Nile inakotokea. Natumai wewe, shemeji na watoto mu wazima wa afya, na kwamba yule jike mwekundu amepona ukwato. Barua yako imefika salama na nimeisoma mara mbili, maana ulichoniuliza si jambo dogo. Unasema wageni wa Hoima wanataka kupanda farasi, nawe umeuona mkuza wa bomba, yaani ule ukanda wa ardhi ulioachwa wazi juu yake: umenyooka, mpana, hauna miti, nyasi fupi, ukasema hapa ndipo pa kuwapeleka shoti. Nakuomba, kabla hujamfunga farasi hata mmoja tandiko, soma yote haya.

Kwanza tujue kilichomo ardhini. Bomba kubwa la huko si la gesi, ni la mafuta ghafi. Linaanzia Kabaale hapo kwenu hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, na 296 kati ya hizo ziko Uganda. Kipenyo chake ni inchi 24. Mafuta ya Bunyoro yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba lile hupashwa moto njia nzima. Gesi iko mwanzoni mwa safari: hutoka kisimani pamoja na mafuta, ikatenganishwa kwenye viwanda vya Kasenyi upande wa Buliisa na Buhuka upande wa Kikuube. Kwa hiyo ukipita karibu na visima na viwanda hivyo, una gesi jirani. Bomba la gesi lenyewe, kama lile la inchi 36 la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lililoanza kazi mwaka 2015, lina ukali wa namna yake. Nakuandikia masharti ya gesi kwa sababu ndiyo makali zaidi. Ukiyashika hayo, kwenye mafuta utakuwa salama pia.

Sharti la kwanza, na ningetamani uliandike kwenye mlango wa banda: mkuza ni pa kuvuka, si pa kwenda. Ule uwazi unaokuvutia ndio unaodanganya. Chini ya zile nyasi kuna handaki lililofukiwa, na udongo wa kufukia hautulii kwa mwaka mmoja wala miwili. Mvua za Machi hadi Mei zikiisha, na tena zile za Septemba hadi Novemba, udongo hushuka vipande vipande na kuacha mashimo yaliyofunikwa na nyasi. Farasi wa kilo 450 akiwa shoti na mtu mgongoni, mguu wa mbele ukazama sentimita 30 tu, umevunjika. Na mguu wa farasi ukivunjika mfupa mkubwa, unajua wewe mwenyewe mwisho wake. Hatari ya kila siku ni hiyo, wala haihitaji gesi kuvuja.

Watu huuliza kama uzito wa farasi unaweza kudhuru bomba. Hauwezi, kama bomba liko kwenye kina chake. Kinachodhuru ni lori lako la kubebea farasi. Lori la tani kumi likikatiza mkuza mahali ambapo hapakutengenezwa kivuko, kwenye udongo uliolowa, magurudumu yanazama na mzigo wote unalielemea bomba na nyaya zilizofukiwa kando yake. Vuka na lori kwenye barabara iliyopo tu. Jambo jingine ni vigingi. Usipigilie kigingi, usichimbe shimo la nguzo, la birika wala la moto wa kambi ndani ya mkuza. Kigingi cha chuma cha sentimita 60 kinatosha kukata waya wa mawasiliano au kuchubua ngozi ya bomba, na pale palipochubuliwa ndipo kutu huanzia. Mchubuko wa leo hupasuka baada ya miaka, wakati wewe umeshasahau.

Nguzo za alama utaziona pale bomba linapokatiza barabara, mto au uzio. Zisome: kuna jina la mwenye bomba na namba ya simu ya dharura. Ziandike kwenye daftari kabla ya safari, kwa sababu ndiyo simu ya kwanza ya kupiga likitokea jambo, ya pili ikiwa polisi, 999 au 112, ambao zimamoto iko chini yao. Lakini usidhani bomba linapita mstari mnyoofu kutoka nguzo hadi nguzo. Linaweza kupinda katikati, na nguzo haikwambii kina.

Usimfunge farasi kwenye nguzo hizo, wala kwenye uzio wa kituo cha vali, pale wanapofungia na kufungulia bomba, wala kwenye kile kijiti chenye kisanduku cha kupimia umeme wa kuzuia kutu. Umeme wa kuzuia kutu wenyewe ni mdogo, haumdhuru mtu. Tatizo ni pale bomba linapokwenda sambamba na nyaya za umeme mkubwa: hizo nyaya huamsha umeme ndani ya chuma cha bomba. Mafundi hukubali hadi volti 15 mahali ambapo mtu anaweza kugusa. Wewe uliyevaa buti za mpira huenda usisikie kitu. Farasi mwenye viatu vya chuma kwenye ardhi mbichi, miguu yake ya mbele na ya nyuma ikiwa mbalimbali, anausikia, naye hana namna ya kukueleza zaidi ya kurusha mateke. Radi ni mbaya zaidi. Ikipiga mahali, chuma kirefu kilichofukiwa huubeba umeme wake mbali. Kwa ngurumo zetu za alasiri, ukisikia ya kwanza, toka mkuzani na uziache nyuzi za seng'enge mbali.

Sasa nije kwenye farasi mwenyewe, maana hapa ndipo wengi hukosea. Binadamu kijana husikia sauti hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Farasi hufika 33,000. Gesi yenye presha ikitoka kwenye tundu dogo hutoa mlio, na sehemu kubwa ya mlio huo iko juu ya masikio yetu. Kwa hiyo farasi anaweza kusikia uvujaji ambao kwako ni kimya kitupu. Utamwona anasimama ghafla, masikio yote mawili yameelekea mahali pamoja, shingo juu, pua imepanuka na anakoroma kwa kishindo. Akikoroma hivyo na kukataa kusonga mahali ambapo juzi alipita bila neno, usimchape. Mgeuze, mrudishe alikotoka, halafu utafute sababu ukiwa mbali. Huenda ni mfuko wa plastiki tu umenasa kwenye uzio. Dakika tano umepoteza, basi. Wala usimfanye kuwa kipimo cha gesi, kwa sababu farasi mwingine ni mtulivu kiasi kwamba atakula nyasi pembeni ya tundu.

Jicho lako lifanye kazi pia. Dalili za gesi kuvuja ni hizi: mstari au duara la nyasi zilizokauka katikati ya nyasi mbichi, vumbi linaloruka kutoka ardhini bila upepo, ardhi iliyoganda baridi au yenye ukungu mweupe mahali padogo, kwa sababu gesi ikitoka kwenye presha hupoa sana, mluzi au ngurumo, na mapovu kwenye maji. Hayo mapovu yatakusumbua, maana kinamasi cha mafunjo hutoa mapovu chenyewe kwa sababu ya kuoza, moja hapa, mawili pale, yakakoma. Yanayotoka mahali pamoja bila kupumzika, kwa nguvu, kwenye njia ya bomba, hayo ndiyo ya kukimbia.

Harufu isikupe amani. Ile harufu kali ya gesi ya jikoni huwekwa makusudi, na gesi ya kwenye mabomba makubwa ya kusafirishia mara nyingi haijatiwa. Kwa hiyo "sikunusa kitu" si ushahidi. Harufu ya mayai yaliyooza nayo ni habari nyingine. Kule Kibiro, chini ya ngema, chemchemi za maji moto hunuka hivyo tangu enzi za mababu, na michirizi ya mafuta iko kwenye kingo za Ziwa Albert. Mwanajiolojia Wayland aliieleza tangu miaka ya 1920. Lakini ukiinusa karibu na kisima au kiwanda, huenda ni gesi ya salfaidi, na sumu hiyo ina hila: ikizidi, inaua pua yako kwanza. Harufu ikikatika ghafla usidhani gesi imekwisha.

Tena ujue gesi ipi hupanda na ipi hulala. Methani, yaani gesi asilia, ni karibu nusu ya uzito wa hewa, hupanda na kutawanyika kwenye uwazi. Ile ya mitungi na ile ya salfaidi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukaa kwenye mabonde, mitaro na karavati. Kwenye ngema ya Buhuka, kitu kizito kikitoka juu kinateremka kuelekea ziwani kama maji. Na upepo wa ziwa unaujua: mchana huvuma kutoka majini kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Alfajiri mara nyingi upepo hutulia, na huo ndio wakati gesi hukaa mahali pamoja. Mimi ningeanza safari saa tatu asubuhi, upepo ukishaamka. Mfungie farasi wa mbele utepe mwepesi wa kitambaa kwenye tandiko ili uone upepo unakwenda wapi bila kukisia.

Umeniuliza kukaa mbali ni mita ngapi. Kuna hesabu ya wahandisi kwa bomba la gesi asilia likipasuka na kuwaka. Chukua kipenyo kwa inchi, zidisha kwa kipeuo cha pili cha presha kwa bar, ambayo ni kipimo cha presha, kisha zidisha kwa 0.8. Jibu ni mita. Bomba la inchi 12 lenye bar 49: kipeuo ni 7, mara 12 ni 84, mara 0.8 ni mita 67. La inchi 36 lenye bar 80: kipeuo ni kama 9, mara 36 ni 324, mara 0.8 unapata kama mita 260. Hesabu hiyo imejengwa kwa mtu mzima wa kawaida anayeanza kukimbia mara moja kutafuta pa kujificha. Mgeni aliyekaa juu ya farasi aliyechachamaa si mtu huyo, wala aliyelala hemani. Kwa kupita kandokando bila kuvuka, tumia jibu lenyewe. Kwa kupumzika, kula au kulala, lizidishe mara mbili.

Sababu ya kukazia kulala ni hii. Tarehe 19 Agosti 2000, karibu na Carlsbad katika jimbo la New Mexico huko Marekani, bomba la gesi la inchi 30 lilipasuka alfajiri kando ya Mto Pecos. Watu 12 wa ukoo mmoja walikuwa wamepiga kambi kama mita 200 kutoka hapo, chini ya daraja lililobeba bomba kuvuka mto. Wote walikufa. Moto uliwaka dakika 55, na chanzo kilikuwa kutu iliyolila bomba kutoka ndani, mahali ambapo mtu wa juu asingeona dalili yoyote. Palikuwa mahali pazuri pa kuvulia samaki, Rajabu. Kambi zetu huwa mahali pazuri vilevile.

Vituo vya vali na vya kompresa, yaani mashine za kusukuma gesi, vina shughuli ya kawaida inayoweza kumwangusha mgeni: kumwaga gesi hewani. Wakitaka kutengeneza kitu huifungulia ipande juu, na ngurumo yake ni kama ya ndege inayoruka. Hakuna hatari ukiwa mbali, ila farasi wote watakimbia. Kwa hiyo siku moja kabla, piga simu kwa mwenye kituo umuulize: kesho mna kazi ya kumwaga gesi? Mnapitisha kifaa cha kusafisha bomba? Droni inakagua? Mwenge wa kuchomea gesi utawashwa? Wape namba yako, wape saa zenu na idadi ya farasi. Hawana sababu ya kukukatalia, na mara nyingi hufurahi kuwa na jicho la ziada. Ruhusa ya kuvuka mashamba ni ya wenye mashamba, hiyo unaijua kuliko mimi.

Kumzoesha farasi na mlio wa gesi hakuhitaji gharama. Tafuta yule fundi wa kijiweni anayejaza upepo bodaboda. Msimamishe farasi mita 50 kutoka kwenye kompresa yake, kichwa kikiielekea, kamba mkononi bila kuizungusha kiganjani. Fundi aachie upepo sekunde mbili, afunge. Farasi akishtuka na kutulia, mpe kipande cha muwa. Fundi akirudia mara tatu na farasi asishtuke, basi kwa siku hiyo. Kesho sogea mita 5, usizidishe. Baada ya siku kumi hivi atakuwa jirani na mpira wa upepo akitafuna. Anayeruka hatua siku ya tatu huanza upya siku ya nne, na safari hii farasi ana kinyongo.

Viatu vya chuma nivitajie tena. Gesi asilia huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na cheche ndogo mno inatosha kuiwasha. Chuma cha ukwato kikipiga jiwe au zege hutoa cheche kubwa kuliko hiyo. Farasi wako wengi wanatembea pekupeku na udongo wa Bunyoro unawaruhusu, waache hivyo. Wale wawili wenye chuma, wavalishe buti za mpira siku za njia hiyo. Wapandaji wavae suruali za pamba, nailoni huyeyukia ngozini ikipata moto. Sigara na viberiti vibaki kambini.

Likitokea la kutokea, mambo yaende hivi. Inua mkono, kundi lote lisimame. Hakuna anayegusa simu, redio wala tochi. Tazama utepe wako: mnatoka kwa kukata upepo upande, kisha mnaelekea upepo unakotoka, mkiacha mabonde. Mwendo wa hatua, kwenye nyasi, si kwenye barabara ya muramu yenye changarawe. Shoti hupiga cheche na hutawanya kundi. Msiwaruhusu farasi kuinamisha vichwa kula wala kunywa. Kaeni juu ya matandiko, isipokuwa mgeni ambaye farasi wake amemshinda: ashuke, amshike kamba, na farasi akivuta kwa nguvu amwachie. Farasi ana miguu minne, atajipeleka. Mkishafika umbali ule wa mara mbili, ndipo upige simu: sema uko wapi, nguzo ya alama namba ngapi, umesikia au umeona nini, upepo unaelekea wapi. Zuieni bodaboda na wachungaji wasiingie. Moto ukiwaka msijaribu kuuzima. Gesi ikiendelea kutoka bila moto hujikusanya na kulipuka upya. Jifiche nyuma ya kilima au tuta la udongo, kwa sababu joto lile husafiri kama mwanga wa jua, na udongo hulikata.

Farasi aliyepata moto mwagie maji safi ya baridi, si ya barafu, dakika 20 au zaidi. Usipake samli wala dawa ya meno. Aliyevuta moshi mhesabie pumzi: akiwa ametulia, pumzi 8 hadi 16 kwa dakika ni za kawaida, na mapigo ya moyo 28 hadi 44. Anaweza kuonekana mzima jioni na mapafu yakavimba usiku, kwa hiyo daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo, na asipandwe hadi daktari aseme.

Buti za mpira naweza kukutafutia. Nipimie kwato za mbele na za nyuma za wale wawili, upana mahali palipo papana zaidi na urefu kutoka ncha ya mbele hadi kisigino, kwa milimita, ndani ya siku tatu baada ya kuzichonga, maana ukwato uliokua unadanganya kipimo. Tuma na namba ya kituo cha vali kilicho karibu nawe, nitakupigia hesabu ya mita.

Msalimie sana shemeji na wazee wote wa hapo.

Wasalaam,
Ndugu yako Musa